Breki Isiyo na Jina

Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kama kilomita 33, na karibu njia yote ni mteremko. Unashuka kiasi cha mita 1,000. Ukichukua kilo 100, yaani wewe, baiskeli na kamzigo kako, breki zikizuia mteremko wote huo, joto lake lingetosha kuchemsha kama lita 3 za maji. Upepo unakusaidia kidogo, sawa. Linalobaki linamezwa na ringi mbili na vipande vinne vya raba, kila kimoja urefu wa kidole. Ndiyo maana kwetu Usambara mtu akinunua baiskeli haulizwi inakimbiaje. Anaulizwa: inasimama?

Mjomba wangu ni fundi baiskeli pale Soni, katikati ya njia hiyo. Zamani, anasema, kazi ilikuwa wazi. Ilikuja Phoenix ya Mchina, Avon ya Mhindi au Raleigh ya Mwingereza, breki zake za fito, na kila mtu alijua uzuri na ubaya wake. Siku hizi zinakuja pia za mtumba, zile za resi zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Zimepita mikono mingi. Breki zake mara nyingi hazina maandishi: ama jina limefutika, ama mtu kachomoa za asili akafunga zozote. Hapo ndipo muuzaji anapopata la kusema. "Hii Shimano kabisa, bwana mdogo, basi tu maandishi yametoka."

Mdogo wangu aliambiwa hivyo hivyo, akalipa kwa pesa ya karoti za misimu miwili. Alikuwa amepata kazi ya kibandani Mombo. Mpango wake ulikuwa kushuka asubuhi kwa baiskeli na kurudi jioni kwa basi, baiskeli juu ya keria. Mama akasema haendi popote mpaka mjomba aitazame.

Mjomba hakutafuta jina. Alitoa sumaku ya spika ya redio mbovu, akaigusisha kwenye breki ya mbele, kwenye zile taya mbili zinazobana ringi. Ikanata. "Bati la chuma hili, limekunjwa likapakwa kromi," akasema. Akaenda ya nyuma. Sumaku ikadondoka: alumini. Lakini hakuishia hapo, maana alumini nayo ina daraja zake. Iliyomiminwa kwa haraka huwa nene, ina mstari wa kalibu ubavuni na vishimo vishimo kwa ndani. Iliyofuliwa kwa kugongwa huwa nyembamba kidogo, ngumu, kingo zake safi. Ya nyuma ilikuwa ya namna hiyo.

Kisha akazishika taya na kuzitikisa mbele na nyuma. Ya nyuma ilitulia. Ya mbele ilicheza kama jino bovu. Alipobana mkono wake kwenye usukani, taya zilijipinda kabla ya kubana ringi, na mkono ukagusa usukani.

"Mjomba, lakini hii ya mbele ndiyo inayong'aa," mdogo wangu akalalamika.

"Sufuria nayo inang'aa. Utaifunga kwenye baiskeli?"

Nikamwuliza kuhusu maegemeo, maana nilikuwa nimesikia kwamba breki ya resi yenye egemeo moja ni ya kizamani. Ni kweli kwamba zile zenye maegemeo mawili, moja katikati na moja pembeni, zilienea kuanzia miaka ya 1990, na zinabana zaidi kwa nguvu ile ile ya mkono. Ila Record ya Campagnolo, iliyotoka mwaka 1968, ilikuwa na egemeo moja tu na ilishusha mabingwa kwenye milima ya Ulaya. Kwa hiyo idadi ya maegemeo inakupa umri kuliko ubora.

Mjomba akasugua mgongo wa breki ya nyuma kwa mafuta ya taa. Zikatokea herufi mbili ndogo: ME. Shimano walikuwa wakigonga hivyo. Herufi ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976. Ya pili ni mwezi. Basi M ni 1988, E ni Mei.

"Kumbe ni Shimano kweli!" mdogo wangu akaruka.

"Labda. Hiyo ni tarehe ya kuzaliwa, mpwa, si cheti cha tabia. Kiwanda kimoja kinatengeneza ya tajiri na ya maskini."

Nilikumbuka sisi vijana tunaoandika, tunavyokimbilia kuangalia jina kabla ya kusoma mstari wa kwanza.

Uamuzi wake ulikuwa kuhamisha nzuri iende mbele, kwa sababu ukifunga breki uzito wote hukimbilia gurudumu la mbele. Bolti yake ikawa fupi, maana shingo ya uma wa mbele ni nene. Kijana mmoja pale akashauri ichongwe bolti ya kawaida. Mjomba akakataa katakata. Bolti hiyo ndiyo inayobeba taya zenyewe. Alipekua kopo lake mpaka akapata ndefu, unene ule ule, kutoka breki iliyokufa. Ya nyuma akaibadilisha kabisa, wala hakuficha kwamba ingegharimu karoti nyingine. Raba akazifunga upande ulioziba ukitazama mbele, zisije zikachomoka.

"Mteremko wa kwanza usikimbie," akamwambia. "Usining'inie kwenye breki, bana, achia, bana. Kila baada ya kona kadhaa simama, ugusishe kidole kwenye ringi. Ikikuchoma, kaa chini, tazama mlima. Mombo haihami."