Ngoma Tulirudi Nayo Wenyewe

Vita vya Kagera sisi watoto wa Isevya, Tabora mjini, tulivipokea kwa wimbo. Nilikuwa darasa la tano. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutampiga, na haukupita muda mchakamchaka wetu wa alfajiri ukabadilika. Nyimbo za kilimo na za Azimio la Arusha zikawekwa kando, zikaja za kumtakia Amin kifo kibaya. Kiranja alianzisha, sisi tukaitikia, miguu peku ikigonga ardhi kwa pamoja. Wimbo ukishakukolea huoni umbali wala njaa. Tulikuwa na miaka kumi na moja, kumi na mbili, na tulikuwa tunaimba juu ya kuua mtu kwa furaha kubwa.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli. Reli ya kati ikitoka Dar es Salaam hugawanyika Tabora, tawi moja likaenda Kigoma na jingine Mwanza, kwa hiyo askari waliosafirishwa kwa treni kwenda Kagera walipita kwetu kabla ya kufika Mwanza na kuvuka ziwa hadi Bukoba. Kwaya ya shule ilipelekwa stesheni kuwaimbia. Nakumbuka mikono mingi imetoka madirishani, na wanamgambo ambao sare zao zilikuwa kubwa kuliko wao. Mmoja aliomba maji. Mwalimu wetu alikuwa ameshainua mkono kuanzisha wimbo, tukaimba, na treni ikaondoka kabla mtu hajampa maji yule kijana.

Redio nayo haikunyamaza. Bendi za majeshi zilikuwepo tayari, Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT, Polisi Jazz, na kwaya kila kona ya nchi zilitunga. Nasema bila kusita kwamba nyimbo zile zilifanya kazi iliyotakiwa. Nchi ilikuwa imevamiwa, daraja la Kyaka limevunjwa, watu wa ng'ambo ya mto Kagera wameuawa na mifugo yao kuswagwa. Jeshi lilihitaji kukua upesi kutoka askari elfu arobaini hivi hadi zaidi ya laki moja, na kijana haachi jembe lake kwa tangazo peke yake. Baba mdogo, aliyekuwa akipiga tumba katika bendi ya mtaani, akiota siku moja kuingia Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz, alijiandikisha mgambo. Aliondoka Januari 1979. Tulimwimbia na yeye.

Babu hakuja stesheni. Alibaki chini ya mwembe wake, na tuliporudi sauti zimekauka alituuliza tumeimba nini. Tukamwimbia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sisi tulipoondoka hapa hakuna aliyetupigia ngoma. Ngoma tulirudi nayo wenyewe."

Alikuwa anasema habari za vita vya Wajerumani. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, na babu, kijana asiyejua bado kunyoa ndevu, alikuwa amekwisha kubeba mizigo ya Wajerumani. Walipoondoka wao, Wabelgiji nao wakamkamata abebe ya kwao, na mwaka uliofuata akatembea nao mpaka Mahenge. Wanyamwezi walijulikana kwa upagazi tangu enzi za misafara ya pembe kati ya Ujiji na Bagamoyo, lakini zamani zile mpagazi alikwenda kwa ujira, akipatana, na akidhulumiwa aliweza kuutua mzigo wa mtu njiani akarudi kwao. Katika vita vile hakupatana na mtu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi. Babu aliwataja wenzake kwa majina ya vijiji vyao, yule wa Sikonge, yule wa Urambo, yule wa Ugalla, na akishafika kwenye jina fulani aliruka.

Waliorudi waliingia kwenye beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani, kwa kuiga bendi na gwaride za Wazungu, na vita vikaitawanya bara pamoja na askari na wapagazi. Ilikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa daraja la juu. Arinoti ndiko walikojaa wachukuzi na vibarua. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake vya kijeshi, sare zake, filimbi zake, na kushindana kwao kwa mavazi na karamu kulifilisi watu. Maofisa wa Kiingereza waliitilia shaka, maana waliona Waafrika wamejipanga kwa safu na amri bila Mzungu. Jambo lililowashangaza zaidi ni kwamba askari wa Kijerumani na askari wa Kiingereza, waliokuwa wakipigana jana, walitambuana kwa beni kama ndugu wa chama kimoja.

Babu alikuwa Arinoti, tena sajini. Miaka miwili alikuwa ameamrishwa na kila mwenye bunduki. Ndani ya beni akawa na cheo, na watu wakampigia saluti. Jioni ile ya stesheni alituonyesha. Aliiweka fimbo yake ya mninga begani, kidevu juu, akakanyaga kushoto mara mbili kwa ukali wa askari kweli. Kisha shingo ikazama kidogo, magoti yakakunjika, bega moja likashuka taratibu, na nikaona kabisa mzigo unatuliwa. Papo hapo kiuno kikalegea na gwaride likawa ngoma. Mzee wa miaka karibu themanini. Shangazi alipiga kigelegele, na sisi tukasahau nyimbo zetu za asubuhi.

Tabora ina vita vingi ndani ya ngoma zake. Rugaruga wa Mirambo, waliopigana na Waarabu wa Unyanyembe tangu 1871, walivaa nguo nyekundu na manyoya ili kutisha hata kabla ya kupiga risasi, na Kambi ya Milambo mjini kwetu ina jina la mtemi huyo hadi leo. Mtemi Isike aliilipua baruti ndani ya boma lake Januari 1893 kuliko kutekwa na Wajerumani. Hao wana majina. Mpagazi hana. Hata ile sanamu ya Askari Monument ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, imemsimamisha mtu mwenye bunduki na singe. Aliyebeba chakula cha mwenye bunduki ametajwa kwenye maandishi tu, chini. Nimesimama pale mara nyingi, na kila mara hukasirika. Babu yangu alistahili kuchongwa na mzigo wake kichwani.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na baada ya miezi kadhaa baba mdogo alirudi na treni ya Mwanza, amekonda, mzima wa viungo. Nyumba ilijaa. Sisi watoto tulijipanga uani tukamwimbia ule wimbo wa mchakamchaka, tukijua atafurahi kuliko wote. Ubeti wa pili akainua mkono. "Nyamazeni, wanangu. Huo uacheni." Hakukasirika. Aliingia ndani akalala.

Ilikuwa miaka ya dhiki ile, Mwalimu ametuomba tufunge mkanda miezi 18, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Baba mdogo alilima tumbaku na hakusema neno juu ya Uganda. Nikaanza kutafuta redioni wimbo wa mtu kama yeye. Nyimbo za kumpeleka mtu vitani zilikuwa tele, na za ushindi tele. Tunazo pia tenzi nzito za vita, ya Shaaban Robert kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, ya Henry Muhanika kuhusu Kagera, na ninaziheshimu sana. Lakini za aliyerudi, akikaa kwenye mkeka na hana la kusema, sikuzisikia. Serikali, bendi na shule zilitunga za kwenda. Za kurudi zilimngoja aliyerudi mwenyewe.

Babu ndiye aliyemfuata. Alichukua ngoma ya zamani, akaketi mlangoni kwa mwanawe, akapiga mdundo wa Arinoti siku tatu mfululizo bila kumwita. Siku ya nne tumba likajibu.

Walichotunga kilichezwa mara ya kwanza kwenye harusi ya shangazi yetu mdogo, mwaka 1981, Isevya. Amin hakutajwa. Kulikuwa na matope, lori lililokwama usiku kucha, na rafiki aliyeazima kipande cha sabuni asubuhi akasema atakirudisha jioni. Rafiki huyo alitajwa kwa kijiji chake, kama babu alivyokuwa akiwataja wa kwake. Katikati ya wimbo baba mdogo alipuliza filimbi, na wachezaji wote, bibi harusi na shela lake, wakajitupa chini kifudifudi kama walivyofundishwa mazoezini. Filimbi ya pili wakainuka taratibu, mabega yakitikisika. Wanawake ambao waume wao walikwenda Kagera ndio waliodai urudiwe. Ulirudiwa mpaka mchele ulipoungua jikoni, na hakuna aliyekwenda kuuepua.