Vidole vya Babu

Ewe msomaji, ukipita Kaloleni, mtaa wa Nairobi uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, utamwona babu yangu kizingitini udhani anapumzika. Hapumziki, anangoja fedha. Tangu mwaka 2018 serikali huwapa wazee walioandikishwa, waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, na mara nyingi huchelewa.

Siku moja nilimsindikiza kuzipokea. Mashine ikakataa alama za vidole vyake, kwa kuwa saruji ilikwisha kuzifuta. Karani akamwambia arudi siku nyingine.

Njiani akavitazama vidole vile kama vya mtu mwingine. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "vilivyojenga mji huu havitoshi kunishuhudia?"

Nikamshika mkono, tukavuka Barabara ya Jogoo polepole.