Mistari Hamsini

Mwaka 1994 nilipanda gari moshi kwa mara ya kwanza, daraja la tatu, kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Chama chetu cha ushirika wa tumbaku kilikuwa kimeahidiwa kompyuta, nami nikatumwa kujifunza. Njia nzima sikubanduka dirishani. Manyoni, Dodoma, Kilosa, Morogoro: kila stesheni ilikuja, ikajaza dirisha, ikaachwa nyuma kabla macho hayajaishiba.

Kwenye chumba cha mafunzo nilikuta mashine za DOS: kioo cheusi, herufi za kijivu, hakuna picha wala kipanya. Nikachomeka disketi yenye mafaili 40 ya vijiji vyetu, nikaandika DIR, amri ya kuorodhesha mafaili. Majina yakapanda mbio, ya mwanzo yakazama ukingoni. Ipole, kijiji cha mama yangu, ndicho kilichoongoza orodha. Sikukiona.

"Mwalimu, kijiji chetu kimepotea."

"Hakijapotea, binti yangu. Kioo kinabeba mistari 25 tu, kila mstari herufi 80."

Hiyo 80, alinieleza, ni urithi: kadi za kutoboa ambazo IBM ilizitoa mwaka 1928 zilikuwa na safu 80. Akanionyesha DIR /P, inayosimamisha orodha kila kioo kinapojaa. Lakini mimi nilitaka kuviona vijiji vyote kwa pamoja.

Akaniambia niandike MODE CON LINES=50. Mashine ikakataa, ikidai ANSI.SYS, programu ndogo ya kuendesha kioo. Tukafungua CONFIG.SYS, faili ambalo mashine hulisoma inapowaka, tukaongeza mstari mmoja, DEVICE=C:\DOS\ANSI.SYS, tukaiwasha mashine upya. Nikarudia amri ile. Kioo kikapepesa, herufi zikapungua kimo nusu kwa nusu.

"Kioo ni kile kile," mwalimu akasema. "VGA, mfumo wa kuonyesha kiooni uliotoka mwaka 1987, unapanga maandishi haya kwenye nukta 400 kutoka juu hadi chini. Herufi yenye kimo cha nukta 16 inakupa mistari 25. Ya nukta 8 inakupa 50. Macho yakichoka, andika LINES=25, utarudi ulikotoka."

Macho yalichoka kweli, maana herufi zilibanana kama abiria wa daraja la tatu. Hata hivyo nilipoandika DIR, Ipole ilikuwa pale juu, na wenzake 39 chini yake, wote wametulia.

Kompyuta ilipofika Tabora, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuongeza ule mstari kwenye CONFIG.SYS. Wakulima walikuja ofisini kuulizia tumbaku yao, wengine wametembea tangu alfajiri. Nilimwita kila mmoja asogee, nikamwekea kidole kwenye jina la kijiji chake. Hakuna aliyeambiwa kwamba chake kimeshapita.