Stafeli na Jiko la Seli

Wasee, hii stori ya stafeli kuponya kansa si uongo wote. Ingekuwa uongo mtupu ingeshakufa kitambo. Kuna ukweli kidogo pale ndani, na huo ndio wauzaji wameshikilia.

Majani na tunda la mstafeli yana kemikali inaitwa anonasini. Karibu kila seli mwilini ina majiko madogo, mitokondria, yanayogeuza chakula kuwa nguvu. Anonasini inaziba hatua ya kwanza ya hiyo kazi. Seli ya kansa inagawanyika bila breki, inataka nguvu nyingi, so ukiizimia jiko inakufa. Kwa maabara, ndani ya kisahani, hilo limeonekana kweli.

Sasa nani mwingine ana mitokondria? Wewe. Na ubongo wako haulali, unataka nguvu saa zote. Kule Guadeloupe, visiwa vya Karibi ambako watu hunywa chai ya majani hayo, watafiti waliandika mwaka 1999 kuhusu wagonjwa wa aina fulani ya Pakinsoni: mwili unakakamaa, mtu anaanguka ovyo, na dawa za kawaida haziwasaidii sana. Wengi wao walikuwa watumiaji wa mstafeli na mimea ya jamii yake. Baadaye panya wa maabara wakapewa anonasini. Seli za ubongo zikafa.

(Manjano nayo ina shida ya kinyume: ile kurkumini yake inayosifiwa, nyingi haifiki hata kwa damu.)

Mwezi jana muuzaji fulani alitaka nitangaze poda ya majani ya stafeli, 15,000 kwa video moja. Maneno alishaniandikia: inashinda kemo mara 10,000. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hata mimi najua kisahani hakina ini, hakina figo, hakina ubongo. Nikamwambia zii. Na kodi bado sijalipa, aki.

Sichukii miti shamba. Vinkristini, dawa ya kemo, ilitoka kwa ua dogo la pinki ambalo watu wengi wamepanda nje ya nyumba. Lakini ilisafishwa, ikapimwa, dozi ikajulikana. Kijiko cha poda kina anonasini ngapi? Hata anayekuuzia hajui.

Shangazi yangu yuko kwa kemo ya nne. Juzi alinionyesha pakiti ya majani hayo, mtu wa kanisa amempa. Nikamwambia tuibebe Alhamisi tukamwonyeshe daktari. Anaogopa kugombezwa. Nimemwambia nitaingia naye, na pakiti nitaitoa mimi.