Umuache Amalize

Nyumba nyingi za Katoyi, mtaa wa Goma, ni za mbao. Chini kuna mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Juu ya mawe hayo fundi anasimamisha nguzo, anapigilia mbao, anaezeka mabati, na familia inahamia jioni hiyo hiyo. Mbao zinazuia upepo na macho ya watu. Sauti hazizuii. Kwaya ikijizoeza nyimbo nyumba ya tatu kutoka kwenu, utajua ni nani kati ya waimbaji wa alto amepotea njia. Risasi pia hazizuii. Wiki ya mwisho ya Januari 2025, vita vilipoingia Goma, tulilala sote chini kwenye sakafu, watoto katikati. Risasi ilipita ubao wa upande wa barabara, ikampata yaya wangu, dada yangu mkubwa, ikatokea ubao wa pili.

Sitaandika zaidi kuhusu usiku huo. Familia zilizoupata usiku kama wetu ni nyingi mno. Mwanzoni mwa Februari Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba maiti 2,000 zilikuwa zimekwisha kuzikwa hapa mjini na nyingine 900 zilikuwa bado katika vyumba vya maiti. Ushuhuda wangu ni juu ya miezi iliyofuata, na juu ya nyimbo zilizonitoa humo.

Kwetu mtu akifa, watu wanakuja. Turubai linafungwa mbele ya nyumba hata kama linaziba njia, viti vinakodiwa, moto unawashwa. Usiku kwaya inaimba, na kati ya wimbo na wimbo mama mmoja mzee anaanza kumlilia marehemu kwa jina lake, anamhesabia mema yake, anamwuliza kwa nini ameondoka bila kuaga, na wengine wanamwitikia. Hakuna anayemharakisha. Asubuhi sauti zimekauka na mwili umechoka, lakini kuna kitu kimetoka ndani.

Yaya hakupata kilio cha namna hiyo. Tulimzika upesi, tukiwa wachache. Umeme haukuwepo, maji hayakuwepo, watu walikuwa wakishuka na bidoni hadi Ziwa Kivu kuchota maji na kuyanywa hivyo hivyo. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Kila jirani aliyeweza kufika alituambia neno moja: muvumilie. Walisema kwa upendo, na wengi wao walikuwa na maiti yao wenyewe. Tukavumilia. Mimi nikavumilia mpaka nikaacha kuimba, nikaacha kulala usiku, na chuo kilipofungua milango nikawa naketi darasani na daftari jeupe mbele yangu.

Lazima nimweleze yaya kidogo, maana bila yeye nyimbo hizi hazina mlango. Aliimba alto katika kwaya ya vijana. Soprano ndiyo inayobeba wimbo, watu wote wanaisikia. Alto inakaa chini yake na wengi hawajui hata kama ipo. Nilipokuwa mdogo alinifundisha kusikiliza: “Usifwate soprano, ile kila mutu anaisikia. Tafuta ile iko chini yake.” Februari 2014 alinishika mkono tukaenda Collège Mwanga kwenye Tamasha la Amani, ambalo lilikuwa linafanyika kwa mara ya kwanza. Umati ulicheza juu ya vumbi la volkano kana kwamba mji huu haujawahi kukimbiwa. Hata katikati ya kelele ile yaya alinivuta sikio: sikia wanaoitikia nyuma.

Alikuwa na nyimbo zake tatu au nne za maisha. Moja ilikuwa ya kitabu cha kanisa, ile tuliyoiimba barabarani Mei 2021 volkano ilipolipuka na watu wakabeba magodoro kuelekea Sake. Nyingine ilikuwa ya Kifaransa, tuliyofundishwa shule ya msingi na kuiimba siku za sherehe tukiwa tumesimama kwa mistari: wimbo wa kuusifu uhuru ambao Nana Mouskouri, mwimbaji wa Ugiriki, aliutoa mwaka 1981 na ukaenea katika nchi nyingi zinazosoma kwa Kifaransa. Niliudhani wa kwake tangu mwanzo.

Simu ya yaya ilibaki kwangu. Kwa muda mrefu sikuweza kuifungua. Siku nilipoipeleka kwa kijana wa kuchaji na kuiwasha, nilikuta ndani ya kadi ya kumbukumbu, kati ya nyimbo za kwaya na za Innoss’B, rekodi moja ya lugha nisiyoijua. Nikaweka spika za masikioni. Ala zilitangulia, kisha umati wa watu ukaanza kuimba pole pole, chini chini, na tuni ilikuwa ile ile ya shule ya msingi. Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe, nikaisikiliza tena mpaka simu ikazima.

Kiongozi wa kwaya ndiye aliyenieleza. Ule ni wimbo wa kwaya kutoka opera, igizo la kuimbwa, ya Mwitalia Giuseppe Verdi iitwayo Nabucco, yaani Nebukadreza, mfalme yule yule wa kitabu cha Danieli tuliyemjua tangu shule ya Jumapili. Wanaoimba ni Waebrania waliochukuliwa utumwani Babeli. Wamekaa kando ya mto, wanaikumbuka nchi yao, kama katika Zaburi ya 137. Yaya ndiye aliyemwomba rekodi hiyo mwaka 2024. Alitaka kwaya ijifunze wimbo ule na kwenda kuuimba kambini, kwa watu waliokimbia Masisi na Rutshuru. Wakati huo Goma ilikuwa imezungukwa na mahema: Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya. Leo kambi hizo hazipo, zilibomolewa Februari 2025 na watu wakabeba mabati na maturubai yao juu ya vichwa. Kwaya haikuwahi kwenda.

Nikaanza kumtafuta Verdi, kwa megabaiti za kununua kidogo kidogo. Nilichokipata kilinifanya nimwone kama jirani. Binti yake alikufa mwaka 1838, mwanawe wa kiume mwaka 1839, mke wake Margherita mwaka 1840. Katika mwaka huo wa tatu alikuwa anaandika opera ya kuchekesha, kwa sababu mkataba ni mkataba. Ilipoonyeshwa watu waliizomea. Akasema hatatunga tena. Mkuu wa jumba la opera la La Scala, mjini Milan, alimsukumia maandishi ya Nabucco karibu kwa nguvu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi 1842, wakati Milan ilikuwa chini ya utawala wa Austria, na Verdi alikuwa na umri wa miaka 28.

Ila maisha yake peke yake yasingenisaidia. Kilichonisaidia ni jinsi wimbo ulivyojengwa, na hapa naongea kama mtoto wa kwaya. Sisi tukipewa wimbo tunagawana mara moja: soprano huku, alto huku, teno, besi. Ni fahari yetu. Verdi hafanyi hivyo. Wale watumwa, wanaume na wanawake, anawaanzisha wote kwenye mstari mmoja wa tuni, kwa sauti ya chini. Hakuna wa juu ya mwenzake, hakuna aliyejificha chini. Wanaimba hivyo kwa muda mrefu, wakijizuia, halafu ghafla sauti zinafunguka, zinagawanyika, zinajaa. Niliisikia ile sehemu ya kufunguka nikaelewa kwa nini yaya aliipenda. Alto inatokea hapo. Baada ya kuimba pamoja na wote kama sauti moja, inachukua nafasi yake.

Usiku huo nililia. Nilikuwa sijalia sawasawa tangu Januari.

Baadaye nikafika kwenye opera ya pili, ndogo zaidi na ya zamani zaidi: Dido na Enea, ya Mwingereza Henry Purcell, ya karne ya 17. Dido ni malkia wa Kartago, mji wa pwani ya Afrika uliokuwa mahali palipo Tunisia ya leo. Mwishoni mwanamume anayempenda anasafiri, naye Dido anajua atakufa. Anachoimba ni kama dakika nne tu. Chini yake ala za besi zinashuka hatua moja moja, zinafika chini kabisa, zinaanza tena kutoka juu, zinashuka tena, bila kubadilika, na sauti ya Dido inatembea juu ya mshuko huo kwa njia yake yenyewe. Hazisikilizani na bado zinashikana. Nilimsikiliza Jessye Norman, Mmarekani Mweusi, akiimba sehemu hiyo. Mama alikuwa kwenye makaa anachemsha maharage. Niliweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue.

Mama hakugeuka kwa muda. Kisha akauliza, “Huyu mama iko analia ama iko anaimba?”

Nikamwambia, “Byote, mama.”

Nikataka kuzima, maana niliona mabega yake. Akanikataza. “Umuache amalize.”

Dido alipomaliza, mama alianza. Alimwita yaya kwa jina lake. Alimhesabia mema yake: maji aliyobeba, karo ya wadogo zake aliyolipa kwa kuuza mikate, sauti yake. Akamwuliza kwa nini hakuaga. Jirani alisikia kupitia mbao akaja, akakaa, akaitikia. Wa pili akaja. Maharage yaliungua na hakuna aliyeyajali. Tulimlilia yaya hadi usiku ukawa mkubwa, miezi mingi baada ya kaburi, bila turubai na bila viti vya kukodi.

Tangu siku hiyo nalala. Nimerudi kuandika darasani. Najua wapo watakaosema ni Mungu aliyefanya, nami nasema ndiyo, ni Yeye, na alipitia huko. Kanisani nilipoombwa kutoa ushuhuda, nilisimama nikaeleza haya haya. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama si vizuri zaidi kuanza na ushindi, kwa kuwa watu wamechoka kusikia vifo. Ninamheshimu. Lakini naamini tumechoka kwa sababu hatujavimaliza. Vita vya 1996, vya 1998, volkano ya 2002, waasi wa M23 kuingia mjini Novemba 2012, volkano ya 2021, Januari 2025: kila mara tulizika nusu nusu tukakimbilia bidoni. Opera ni sanaa inayomsimamisha mtu katikati ya mateso yake na kumpa muda wote anaouhitaji, na watu wengine mamia wanakaa kimya wakimngoja. Hiyo ni heshima kubwa. Mtu wa Katoyi anastahili heshima hiyo.

Rafiki zangu wa chuo wanasema hayo ni mambo ya wazungu. Mimi huwataja watu. Pretty Yende alikulia Mpumalanga, Afrika Kusini. Akiwa kijana alisikia kipande cha opera katika tangazo la televisheni la shirika la ndege, akamwuliza mwalimu wake ni kitu gani, na tarehe 6 Mei 2023 aliimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles mjini London. Kinshasa kuna okestra ya kanisa la Wakimbanguisti, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Ilianza na watu waliobadilishana ala chache, na imepiga hadi Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Na yuko Serge Kakudji, Mkongo, mwanamume anayeimba kwa sauti ya juu ya kontratena. Mwaka 2014 yeye na wanamuziki wa Kinshasa walichanganya nyimbo za Handel na Monteverdi na likembe na gitaa, katika onyesho la Coup Fatal.

Kilichonishika kuliko vyote ni opera ya Januari 2024 iliyoonyeshwa Geneva, iitwayo Justice. Maneno yake yaliandikwa na Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi. Muziki ni wa Hèctor Parra. Inasimulia ajali ya Februari 2019 kule Kabwe, katika njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, ambapo lori lililobeba asidi ya migodi liligongana na basi na asidi ikawamwagikia watu. Kakudji aliimba humo. Watu wa kijiji cha Kongo, ambao hata fidia ilikuwa taabu kuipata, walisimamishwa katika jumba lile lile la wafalme na malkia, na kila mmoja akapewa muda wa kusema lililompata.

Hapa kwetu wimbo una gharama. Tarehe 13 Februari 2025 mwanamuziki Delcat Idengo aliuawa kwa risasi hapa Goma, siku chache tu baada ya sisi kumzika yaya. Nalikumbuka hilo kila ninapofungua daftari, kwa kuwa nimeanza kuandika. Bado ni kidogo: sehemu ya kwaya tu, kwa Kiswahili chetu cha Goma, kwa wanawake waliopanga foleni ya bidoni alfajiri na kila mmoja anaulizwa na mwenzake nani hayupo leo. Kiongozi wa kwaya ananisaidia kuandika noti. Anataka soprano ianze. Nimekataa. Wote wataanza pamoja, chini chini, mstari mmoja, na sauti zitakapogawanyika alto ndiyo itakayojibu majina. Jumamosi tunajaribu ukurasa wa kwanza, na mama amesema atakuja kukaa upande wa besi.