Marikiti kuna kinga ya chawa

Ukifika Mombasa, ndugu msomaji, usiishie ufuoni. Fuata Barabara ya Digo hadi soko la Marikiti, harufu ya bizari na karafuu ikupokee. Ulizia mafuta ya nazi na kitana chenye meno yaliyobanana.

Mwanao akija na chawa kutoka shuleni, mpake mafuta hayo, kisha umchane fungu kwa fungu, tangu ngozini hadi nchani. Mafuta huwalegeza tu. Kazi ni ya kitana. Rudia kila siku ya nne kwa majuma mawili, kwani mayai huchukua siku 7 hadi 10 kuanguliwa. Mafuta ya taa usiyaguse kabisa! Huunguza ngozi, na karibu na jiko mtoto atashika moto. Nywele za kipilipili zikikikwamisha kitana, mnyoe. Zitaota.