Jina Lililotoka Kitabuni

Wapo watakaokwambia kwamba riwaya zinazoendeleza tamthilia za televisheni ni makombo tu. Mwandishi kapewa wahusika wa mtu mwingine, kaambiwa huyu usimuue, yule usimwoze, na mwishoni uwarudishe wote kama ulivyowakuta. Tena kinachotokea kitabuni hakihesabiki. Kesho tamthilia inaweza kukipuuza. Hoja hizo nazijua, na bado riwaya za Star Trek nazisoma kwa raha zangu.

Mimi nilianza na vitabu kabla ya runinga. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Tunduma inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na treni ya TAZARA inasimama. Mtumba haukosekani. Katikati ya makoti ya baridi, muuzaji mmoja alikuwa na rundo la vitabu, na humo nikakipata Uhura's Song cha Janet Kagan, cha mwaka 1985. Likizo ilipofika nikaenda nacho Njombe kwa bibi.

Uhura ni ofisa wa mawasiliano katika tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, na jina lake limetokana na neno letu, uhuru. Katika riwaya hiyo, ugonjwa unawamaliza viumbe wanaofanana na paka. Dawa inatafutwa kwa kufuata nyimbo za kale ambazo Uhura alifundishwa na rafiki yake wa jamii hiyo, kwa sababu nyimbo zimehifadhi habari za walikotoka wahenga wao.

Jioni, tukiota moto jikoni, nilimsimulia bibi kwa Kiswahili, sura baada ya sura. Kuhusu chombo cha angani hakuuliza kitu. Aliuliza: huyu binti ni wa ukoo gani? Mama yake yuko wapi? Jina lake la kwanza nani? Nikamwambia hana, maana kwenye tamthilia ile ya mwanzo hakupewa.

"Mtu gani hana jina?" Basi akampa la Kibena, la mdogo wake aliyefariki akiwa mtoto. Kitabu kilipoisha, bibi hakuona kwamba hiyo ni sababu ya kunyamaza. Likizo zilizofuata aliendelea mwenyewe, Uhura akipelekwa hadi mashamba ya chai.

Ukubwani ndipo nilipojua habari ya Nyota. Jina hilo la kwanza la Uhura lilitoka kwenye kitabu cha William Rotsler cha mwaka 1982, cha wasifu wa wahusika. Likaishi vitabuni na midomoni mwa mashabiki kwa miaka 27, hadi filamu ya 2009 ilipolitamka. Yaani waliosemwa hawahesabiki ndio waliompa jina, na wenye mali wakaja kulichukua kwao.

Bibi ameshatangulia. Aliyoyaongeza hayamo kwenye kitabu chochote, na hakuna filamu itakayokuja kuyachukua. Yamebaki kwangu, na sasa kwa binti yangu, ambaye humsimulia kila akikataa kulala.

Mwaka jana tuliangalia pamoja filamu ile ya 2009. Uhura alipoitwa Nyota, mtoto alinigeukia kwa mshangao.

"Mama, mbona wamekosea jina?"